Injini Inayopumua

Lori lilikuwa limesimama nyuma ya kituo cha polisi cha Dongobesh, ubavu wake wa kushoto umekunjamana mpaka mlango ukaingia ndani, na Inspekta Oliva Bura alikuwa amelala chali chini yake akitafuta tone moja la maji. Alikuwa amelitafuta kwa nusu saa nzima. Alipapasa chini ya pampu ya maji, akafuata kila mpira kwa kidole, akamulika tochi kila pembe ya injini. Pakavu. Alichoambulia ni oili kwenye kiwiko na baridi ya asubuhi mgongoni.

"Afande, maji hayo yameingia ndani ya injini," sauti ya mzee Baltazar ilimjia kutoka juu. "Unakitafuta nje kitu kilichoingia ndani."

Baltazar alikuwa fundi wa malori hapo Dongobesh tangu Oliva akiwa shule ya msingi. Ijumaa jioni yeye ndiye aliyeitwa kulitazama lori, na maelezo yake yalikuwa tayari kwenye jalada, yameandikwa kwa uhakika wa mtu ambaye hajabishiwa siku nyingi.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Ijumaa saa saba mchana, lori la mfanyabiashara Muksini, likiwa limebeba vitunguu saumu kutoka Bashay kwenda Katesh, liliishiwa breki kwenye mteremko ulio chini ya Tumati. Dereva, Adamu Seifu, aliligongesha kwenye ukingo wa mlima ili lisitumbukie bondeni. Ubavu wa kushoto ndio ulioupiga ukingo, na aliyekaa kushoto alikuwa Shumbana, mdogo wake Muksini. Alifia pale pale. Polisi walipofika waliikuta rejeta imekauka. Kwa hiyo ikaandikwa kwamba dereva aliendesha bila maji, injini ikachemsha na kuzimika, na injini ikizimika hakuna wa kusukuma upepo wa breki. Uzembe uliosababisha kifo.

Kilichobaki ni mstari mmoja mtupu wa mkaguzi wa magari, na mkaguzi huyo alikuwa Oliva. Saa nane mchana wa Jumatatu hiyo Adamu angepandishwa gari kwenda mahakamani Mbulu. Mkuu wa kituo, Felician, alikuwa ameshamuuliza Oliva mara mbili kama kalamu yake ina wino.

Oliva alitoka chini ya lori, akajipangusa. "Rejeta imejaa, mzee?"

"Mpaka shingoni."

Alifunga kwenye mdomo wa rejeta pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia upepo, akasukuma. Sindano ilipanda, ikasimama kidogo, kisha ikaanza kushuka polepole. Akainama kutazama chini. Vumbi lilikuwa vumbi tu.

"Inashuka," alisema.

"Inashuka na hapadondoki kitu. Nimekwambia, yako ndani."

Oliva alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakichovya tena. Maji yakiingia kwenye oili, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeusi kama inavyotakiwa.

"Basi yanaungua na kutoka kwa moshi," Baltazar alisema bila kutetereka. "Washa uone."

Oliva alipanda, akazungusha ufunguo. Injini iliwaka mara moja. Moshi ulitoka mweusi, ukawa mwepesi, ukapotea. Alisubiri ule moshi mweupe wa mvuke kwa dakika tano, akausubiri kumi. Haukuja. Lakini Baltazar alikuwa ameshafungua mfuniko wa oili na kuuachia juu ya tundu lake, na mfuniko ulikuwa unarukaruka kwa pumzi iliyotoka chini.

"Inapumua," alisema.

Neno hilo, kwa mafundi, ni hukumu. Injini ikisemwa inapumua, maana yake ring zinazoizunguka pistoni zimelika, moto wa juu unavujia chini kwenye oili, na huko chini unatafuta pa kutokea, ama kwa bomba la kupumulia ama popote penye upenyo. Oliva aliweka kiganja kwenye bomba la kupumulia. Pumzi ilikuwa kali, ya moto.

"Na huku njoo uone," Baltazar alimwita kwenye rejeta. Mapovu yalikuwa yanapanda kwenye maji. "Gasketi ya silinda hedi imeungua, inatia upepo kwenye maji. Ring zimekufa, gasketi imekufa. Vyote ni kazi ya kuchemsha. Kijana ameiua injini, afande. Sisemi kwa ubaya."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuudhi Oliva. Mtu mwenye nia mbaya unaweza kumbana. Lakini injini iliyouawa mara mbili ilikuwa inanguruma mbele yake bila kukohoa, na hilo halikumwingia akilini.

"Izime, mzee," alisema. "Usiondoke."

Kwenye kaunta ya kituo palikuwa na hotpoti ya bluu, imefungwa kwa kitambaa safi.

"Ya nani?"

"Ya mtuhumiwa," alijibu askari wa zamu. "Analetewa na Bi Safina."

"Bi Safina yupi?"

"Mama yake marehemu."

Oliva alidhani hakusikia vizuri. "Mama wa marehemu anamlisha aliyemuulia mtoto?"

"Kila siku, afande. Adamu alikulia kwenye nyumba yao tangu ana miaka sita. Yule mama ndiye aliyemlea."

Adamu aliletwa akiwa na shati lile lile la Ijumaa, lina damu isiyo yake begani. Alikuwa na miaka kama thelathini. Alisalimia akiwa bado amesimama.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Maji uliweka lini mara ya mwisho?"

"Bashay, tulipopakia, lita kama nane. Halafu hapa Dongobesh lita sita, yale ya kijani ya dukani kwa bosi."

"Safari fupi hivyo, lita sita. Hukushtuka?"

"Nilishtuka. Nilimwambia bosi maji yanapotea na sioni yanapovujia. Akasema ongeza, uende, soko la Katesh halisubiri."

"Joto lilipanda lini?"

"Baada ya breki."

Oliva aliinua kichwa. "Rudia."

"Breki ndizo zilianza, afande. Nilikanyaga mara ya tatu ikawa laini, king'ora cha upepo kikalia. Nikarudisha gia, injini bado ina nguvu, lakini mzigo ulikuwa mkubwa. Injini niliizima mwenyewe baada ya kugonga."

"Mbona kwenye maelezo yako haimo?"

"Hawakuniuliza. Waliniuliza habari za maji tu."

Oliva aliandika, akapigia mstari. Kama Adamu alisema kweli, jalada lote lilikuwa limesimama kwa kichwa. Kama alisema uongo, alikuwa ameuchagua uongo wa ajabu, maana breki kuanza kufa hakukumwondolea lawama hata kidogo.

"Mitungi ya upepo unaimwaga maji lini?"

"Kila asubuhi kabla sijawasha. Ijumaa ilitoa upepo mtupu, mkavu."

"Una hakika?"

"Nilifungua na Shumbana akiwepo." Alipotaja jina hilo akatazama chini.

Oliva aliandika, kisha akauliza, "Alhamisi lori lililala wapi?"

"Uani kwa bosi."

"Nani aliigusa injini?"

Mtu aliyekuwa anajibu kabla swali halijaisha akawa bubu ghafla. Macho yake yalikwenda mlangoni, kwenye ile hotpoti iliyoonekana kaunta, yakabaki huko.

"Adamu. Saa nane unapelekwa mahakamani. Nani aliigusa injini Alhamisi?"

"Maji niliweka, afande," Adamu alisema taratibu. "Mengine siyajui."

Oliva alikuwa ameshahoji watu wengi. Asiyejua huhangaika, hukisia, hutaja hata jirani. Huyu hakuhangaika.

Duka la Muksini lilikuwa mita mia mbili kutoka kituoni, nusu vyakula, nusu vipuri na madumu ya oili. Ilikuwa siku ya tatu tangu msiba, na watu bado waliingia kutoa pole kisha wakanunua sukari. Muksini alisimama nyuma ya kaunta amevaa kofia, mtu wa miaka arobaini na ushee, vidole vyake vina makovu ya zamani ya aliyewahi kushika spana kabla ya kushika mizani.

"Pole na msiba, kaka Muksini."

"Asante, afande. Ndiyo kazi ya Mungu."

"Nina maswali machache."

"Uliza. Adamu ni kama mdogo wangu, lakini sheria ni sheria. Mtu asiyetazama maji anabeba roho za watu?"

"Alikwambia maji yanapotea?"

"Hakuniambia."

"Injini ilifunguliwa lini mara ya mwisho?"

"Haijafunguliwa tangu nilinunue. Mwaka wa pili huu."

"Hata vitu vya pembeni? Pampu ya maji, kompresa ya upepo?"

"Kompresa ndiyo haijaguswa kabisa," alisema Muksini, na alisema upesi.

Oliva hakubadilisha uso. "Alhamisi jioni ulikuwa wapi?"

"Mimi?"

"Nawauliza wote."

"Kwa mzee Akonaay, kikao cha harusi ya binti yake, Natalia. Siku na saa ziko kwenye kadi ya mchango." Aligeukia msumari uliopigiliwa kwenye rafu, uliotungwa kadi kama mishikaki: ubatizo wa mtu, kipaimara cha mtu, sendofu ya mtu mwingine. Alizipekua zote. Akazipekua tena, safari hii polepole, na mkono wake ukasimama katikati. "Watoto wanazichezea," alisema.

"Usijali, hata mimi ninayo. Ile ngumu, yenye maua ya dhahabu."

"Hiyo hiyo," alisema Muksini, akaacha kutafuta. "Kikao kilianza saa kumi."

"Mkaisha saa ngapi?"

"Kabla ya magharibi."

Pazia la uani lilifunguka, akatoka mama mtu mzima, mwembamba, kanga imemfunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Oliva alisimama.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu." Bi Safina alimtazama sare, si uso. "Umetoka huko kituoni? Amekula?"

"Chakula kimefika, mama. Hajakigusa bado."

"Mwambie ale. Huyo akiwaza hali, tangu mdogo. Mwambie nimesema mimi."

Muksini alikuwa anapanga pakiti za chumvi zilizokuwa zimepangwa tayari.

Saa tano na nusu Oliva alikuwa amepiga magoti ubavuni mwa lori, mbele ya mitungi ya upepo. Hiyo ni mitungi ya chuma inayohifadhi upepo wa breki, na chini ya kila mmoja pana kitufe cha kumwagia. Kila siku hukusanya unyevu kidogo, kijiko kimoja, viwili, ndiyo maana dereva makini huimwaga kila asubuhi. Alivuta kitufe cha mtungi wa kwanza.

Maji yalimrukia mpaka kifuani. Hayakuwa kijiko. Yalitoka kwa nguvu, yakamlowesha sare, yakaendelea kutoka, na yalikuwa ya kijani.

"Ndoo!" alisema, na Baltazar akaleta ndoo. Mtungi wa kwanza uliijaza zaidi ya nusu. Wa pili ukaijaza mpaka ukingoni.

Fundi aliitazama ile ndoo. Halafu alichovya kidole, akanusa. "Maji ya rejeta," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Haya ndiyo yaliyopotea, mzee. Ndoo nzima. Mtungi uliojaa maji unabeba upepo kiasi gani?"

"Haubebi."

"Na lori kuukuu kama hili, upepo ukiisha, lina breki ya kujifunga yenyewe?"

"Halina." Baltazar alikaa juu ya tairi lililolala hapo. "Lakini rejeta na mitungi havikutani popote, afande."

"Vinakutana sehemu moja."

Alimwona mzee akipita bomba kwa bomba kichwani mwake, na akamwona alipofika. Kompresa, ile pampu ya upepo iliyofungwa ubavuni mwa injini, ina kichwa chake yenyewe na gasketi yake yenyewe, ule utando mwembamba unaoziba kati ya chuma na chuma. Maji ya rejeta hupita humo kuipoza. Chini yake iko wazi kwa injini, inakunywa oili ile ile.

"Inapumua," alisema Baltazar tena, lakini sasa kama mtu anayeuliza.

"Tuone nani anapumua."

Oliva alitoa glavu ya zahanati mfukoni, akaifunga kwa mpira kwenye mdomo wa bomba la kupumulia. Baltazar akawasha. Glavu iliinuka, vidole vikasimama, ikajaa kama kiwele cha ng'ombe saa ya kukamuliwa. Kwenye rejeta mapovu yalipanda kama mwanzo. Oliva alichukua spana, akalegeza bomba linalotoa upepo kutoka kwenye kompresa kwenda mitungini, akaliachia wazi, ili kompresa izunguke bila kusukuma chochote; kama pumzi ilikuwa yake, ingekoma.

Hesabu ya kumi haikufika. Glavu ililegea, vidole vikainama kimoja kimoja, ikaning'inia. Mapovu yakakoma. Maji ya rejeta yakatulia kiasi cha mtu kujitazama uso.

Alirudisha bomba. Glavu ikasimama. Akalegeza. Ikalala.

Baltazar aliizima injini mwenyewe. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama yuko kanisani. "Injini ni nzima," alisema. "Ring za kompresa ndizo zilizochoka, na gasketi yake inavuja, na mimi nimeandika karatasi ya polisi kwamba kijana ameua injini. Nimeweka sahihi."

"Utaandika nyingine. Fungua kichwa cha kompresa."

Baltazar alipokaribia na spana alisita. Bolti za mle ndani zote zilikuwa zimevaa uchafu wa miaka, isipokuwa nne za kichwa cha kompresa, ambazo kingo zake ziling'aa.

"Hii imefunguliwa juzi," alisema. Halafu akaishusha spana. "Afande, sikutaka kusema. Alhamisi magharibi Adamu alikuja gereji. Aliazima spana namba kumi na tatu. Na silikoni."

Felician alikuwa amefika nyuma yao bila wao kumsikia, saa yake mkononi. "Adamu?" alisema. "Basi ndiyo imekwisha. Alifungua breki za watu kwa ujinga wake, akaendesha. Hiyo ni mbaya kuliko maji. Saa sita hii, afande, andika nimpeleke."

Oliva aliitazama ile ndoo ya maji ya kijani. Alikuwa ametumia asubuhi nzima kumtoa mtu kwenye shimo, na sasa alionekana kama aliyekuwa anamchimbia refu zaidi. "Fungua, mzee," alisema.

Kichwa kilitoka kwa kubandukana. Silikoni nyekundu ilikuwa imepakwa kwa wingi. Gasketi iliyokuwa katikati haikuwa gasketi ya dukani. Ilikuwa karatasi. Kuzunguka pistoni ilikuwa imeungua ikawa masizi, na kati ya tundu la maji na pistoni ilikuwa imelainika na kumong'onyoka kama mkate kwenye chai, ikaacha mfereji mpana kama kidole. Hapo ndipo maji ya Bashay na ya Dongobesh yalipopita, lita kwa lita, kila Adamu alipoongeza.

Kwenye pembe moja, chini ya silikoni nene, kipande kilikuwa kizima. Oliva alikibandua kwa wembe. Kilikuwa kigumu, na upande mmoja kilimeremeta. Aliusafisha kwa kidole chenye mate.

Ua la dhahabu.

Chini ya ua palikuwa na mstari wa nukta, na juu ya nukta, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa mtu: *…ksini na Fam…*

Oliva alifungua mkoba, akatoa kadi ya harusi ya Natalia aliyoletewa wiki iliyopita, akaiweka juu ya tairi, na kipande kando yake. Ua kwa ua. Nukta kwa nukta. Mahali pale pale, kwenye kadi yake, iliandikwa Bi. Oliva Bura na Familia.

"Kila mtu na jina lake," Felician alisema polepole.

Baltazar alikuwa ameketi chini kabisa. "Muksini alijifunza kazi kwangu," alisema. "Miaka minne. Nilimfundisha mimi. Ukikosa gasketi tafuta karatasi ngumu, igonge kwa nyundo ndogo mpaka ijichonge yenyewe. Lakini nilimwambia ni kwa mafuta tu, kwa oili, mahali pa baridi. Nilimwambia." Akatikisa kichwa. "Nadhani nilimwambia."

Saa saba na robo Adamu aliletwa tena. Oliva aliweka kipande mezani.

"Spana ulimwazimia nani?"

Adamu alikitazama. Hakukishika.

"Alikutuma," Oliva alisema. "Hukujua anafungua nini."

"Sikujua. Nilijua kwenye mteremko, breki zilipokufa."

"Na ukanyamaza siku tatu, unapelekwa jela?"

Adamu aliinua uso, na kwa mara ya kwanza alimtazama machoni. "Mama ana watoto wangapi, afande?"

"Alikuwa na wawili."

"Watatu. Mmoja yuko kaburini. Mmoja yuko hapa. Sasa na yule aliyebaki unataka kumchukua." Alisukuma kipande kwa ukucha, kikarudi upande wa Oliva. "Mimi nipo tayari. Nichukueni mimi."

Oliva aliumia, na hakuona sababu ya kujidanganya kwamba hakuumia. Lakini mstari ule mtupu ulikuwa unangoja kitu kimoja tu. Alichukua kipande, akakifunga ndani ya karatasi, akatoka.

Alikwenda kwa miguu, bila askari na bila pingu. Dukani hapakuwa na mteja. Muksini alimwona akiingia na sare iliyolowa kijani kifuani, na mikono yake ikashuka juu ya kaunta. Oliva alifungua karatasi. Hakueleza.

Muksini alisoma herufi za jina lake mwenyewe kwa muda mrefu kuliko herufi zilivyokuwa.

"Karatasi za gasketi ziliniishia," alisema mwishowe. "Kompresa ilikuwa inatoa upepo nje, na mzigo ulikuwa tayari Bashay. Nikaona kadi. Ilikuwa ngumu, nzuri."

"Adamu alikwambia maji yanapotea."

"Aliniambia."

"Na wewe ukawaambia polisi hakukwambia."

"Walikuja nimetoka kumwosha Shumbana." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Mikono bado ina maji. Wakasema rejeta ilikuwa kavu, dereva hakuweka maji. Nikasema moyoni, iwe maji. Yakiwa ni maji, siyo mimi. Afande, nilitaka iwe maji tu."

Oliva alikunja ile karatasi, akairudisha mfukoni. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika kumi.

"Unanifunga?"

"Tembea tu."

Muksini alizunguka kaunta. Alikuwa amefika mlangoni pazia lilipofunguka.

"Unakwenda wapi na duka liko wazi?" Bi Safina aliuliza.

Muksini alimgeukia.

"Kituoni, Mama. Nakwenda kumtoa Adamu."

Mama aliweka viganja usoni, akavishusha taratibu. "Alhamdulillahi," alisema. "Siku tatu nangoja neno hilo kwako. Nilikuwa najiuliza utalisema lini." Alirudi ndani, akatoka na hotpoti nyingine, kubwa kuliko ile ya bluu, akampa mwanawe. "Wali wa moto. Ile ya asubuhi itakuwa imepoa. Nimepakua wa watu wawili, mle, mrudi pamoja."

Muksini aliipokea kwa mikono miwili. Akaitikia kwa kichwa. Oliva alimuaga mama kwa heshima zote na hakuthubutu kumtazama.

Kituoni gari la Mbulu lilikuwa limewashwa. Felician alisimama kando yake na jalada kwapani, akawaona wakija, mtu na chombo cha chakula mbele, Oliva hatua tatu nyuma. Akamwashiria dereva azime.

Muksini aliweka hotpoti kwenye kaunta, kando ya ile ya bluu.

"Hii ni ya Adamu," alimwambia askari wa zamu. "Mwambieni akimaliza amrudishie Mama vyombo vyake vyote viwili."

Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu, kama afanyavyo anayeingia mahabusu, kabla hajaambiwa.